Raba Mpya za Breki

Fundi Wagiyo hakuwa mtu wa kumwamini mtu. Mteja akisema pikipiki imezimika yenyewe, yeye alishajua imeazimwa na shemeji. Pale kijijini, kando ya mashamba ya mpunga ya Klaten, mbele yake walimwita kwa heshima Pak Wagiyo, yaani Mzee Wagiyo. Akigeuza kisogo walimwita Polisi. Basi binti yake Lintang, mwenye miaka kumi na mitano, alipokataa pikipiki aliyomtengenezea kwa mikono yake na kuchukua baiskeli kuukuu ya mama yake, usingizi ulimruka fundi wa watu.

Mtoto gani siku hizi anakataa pikipiki? Shule inazikataza, ndiyo, lakini wenzake huziacha uani kwa muuza tambi, ng'ambo tu ya lango. Jua ni kali, sketi ya shule inafika miguuni, na mwenye baiskeli anaingia darasani jasho linamtiririka. Tena binti wa fundi pikipiki! Wateja watasemaje?

"Kuna mvulana," alimwambia mkewe, Murni.

"Mvulana gani anamtaka msichana aliyelowa jasho?" Murni alicheka huku akikaanga tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa. "Wewe baba Lintang, hata jogoo akiwika unamshuku."

"Na wewe kuna kitu unakijua."

"Ninachojua tempe inaungua."

Jioni akaikagua baiskeli. Mnyororo ulikuwa umetiwa mafuta, matairi yamejaa upepo. Halafu akaona raba za breki: mpya kabisa, na hazikutoka gerejini kwake. Moyo ukamlipuka. Mvulana huyo ana hela!

Asubuhi akaazima baiskeli ya jirani, akajifunika uso kwa barakoa, akamfuata. Miaka mingi hakuwa amekanyaga pedali; alihema vibaya sana. Mbele, Ratri, rafiki yake wa shule, alitoka nyumbani kwao, naye juu ya baiskeli, akajiunga na Lintang. Wakaenda sambamba kando ya mfereji, wakipiga soga na kucheka. Mvulana hakuonekana. Wagiyo akachoka kujificha.

"Lintang! Simama!"

Ratri alitangulia mbele kidogo, akasubiri.

"Nani kakununulia raba za breki?"

"Nimenunua mwenyewe, baba. Kwa fundi wa sokoni."

"Sokoni! Kwani baba yako anauza maandazi?"

Lintang alitazama usukani wake. "Baba, nilikuona. Ulikuwa unasugua pedi za breki kuukuu kwa msasa, ukazirudisha kwenye boksi jipya."

Wagiyo alihisi masikio yanawaka. "Pikipiki yako niliweka mpya! Haki ya Mungu, yako niliweka mpya."

"Nitajuaje?"

Ni swali hilohilo alilokuwa akiwauliza watu wote. Ilimuuma kuliko tusi.

"Na ya mama Ratri?" binti akauliza kwa sauti ya chini, asije akasikika mbele.

Kabla hajafungua mdomo, honi ya pikipiki ililia nyuma yao. Alikuwa mama Ratri mwenyewe, kitinda mimba wake amembeba mgongoni kwa kitambaa, mafungu ya mchicha yakining'inia pande zote mbili. "Pak Wagiyo juu ya baiskeli! Leo dunia imepinduka!" Akapita mbio kuelekea kwenye reli, ambako kizuizi kilikuwa kinashushwa.

Wagiyo alirukia baiskeli. "Mama Ratri! Polepole! Polepole, mama!" Alikanyaga hadi mapaja yakatetemeka, na bado Lintang alimpita.

Walimkuta amesimama, gurudumu la mbele likigusa kizuizi, treni ikinguruma mbele ya pua yake. Alikuwa ameizuia pikipiki kwa miguu. Ndala moja ilibaki nyuma barabarani.

"Mbona breki zinateleza, Pak? Si wiki iliyopita tu umeziweka mpya?"

Wagiyo aliokota ile ndala, akainama, akamvalisha mguuni. "Hazikuwa mpya," alisema. "Nilikudanganya." Kisha, mama Ratri aliposhuka, akashika usukani wa pikipiki, asithubutu kuipanda, akaanza kuisukuma kurudi gerejini.

Lintang aliiacha shule ianze bila yeye. Akaiokota baiskeli ya jirani, akaikokota pamoja na yake nyuma ya baba yake.

"Baba," alisema. "Nitajie na wengine."