Kwenda Bofu Kutazama Nyuki

Sikutaka kwenda Bofu. Wiki nzima nilikuwa nimezunguka mitaa ya Changamwe na wenzangu wa kujitolea, tukitazama nyuki wanaishi wapi na wanatua kwenye maua gani, na miguu ilikuwa inaniwaka moto. Lakini Bi Mwanaisha, mjane wa Bofu, alimpigia kiongozi wetu simu huku analia. Nyuki walikuwa kwenye ukuta wa jiko lake la uani, na mwanawe Athumani alitaka kuwachoma kwa mafuta ya taa. Mama na mwana wakakubaliana hivi: aje mtu wetu akae karibu na hao nyuki. Asipoumwa, nyuki wabaki. Akiumwa, wachomwe.

Wenzangu wote ghafla wakawa na shughuli. Nikabaki mimi.

Asubuhi nilitoka Magongo kichwa kizito, malori yametanda barabarani na vumbi lao. Kivukoni nikasimama mpaka kiuno kikauma, na ndani ya feri sikupata hata pa kuegemea. Nikajiuliza ni nani aliyeniroga nikajitolea. Upande wa Likoni nikachukua bodaboda.

Karibu na adhuhuri nilipiga hodi Bofu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu! Umekuja kuniokolea nyuki wangu."

Kabla sijaketi akaja na chupa ya marashi ya waridi, akaninyunyizia kichwani, shingoni, viganjani. Ndivyo anavyopokea mgeni wa heshima. Harufu nzito huwachokoza nyuki. Ndilo jambo la kwanza tulilofundishwa. Lakini mama wa watu anatabasamu vile, utamwambia acha? Nikashukuru.

Uani nilimkuta Athumani na bintiye mdogo.

"Dada, mimi si katili," aliniambia. "Huyu aliumwa mara moja tu, koo likavimba, tukamkimbiza hospitali. Mama haambiliki."

"Tangu babako afariki," akajibu Bi Mwanaisha, "hao nyuki ndio sauti niamkayo nayo."

Nikaketi kando ya ufa wa ukuta. Walikuwa wakiingia na chavua ya manjano miguuni, maskini, hawana habari. Nikaanza hata kusinzia. Mara mmoja akanizunguka shingoni, akaja wa pili. Lo! Nikachomwa nyuma ya sikio. Nikauma meno, nikavuta mtandio kufunika sikio.

"Vipi, dada, wamekuuma?" akauliza Athumani.

Bi Mwanaisha alinikazia macho. Nilitaka sana kusema hapana. Kisha nikamtazama yule mtoto.

"Wameniuma," nikasema. "Lakini ni kwa sababu ya marashi."

"Na mwanangu akitiwa marashi siku ya Idi?" akasema Athumani.



Alasiri Athumani aliwachoma. Bi Mwanaisha alijifungia chumbani mpaka moshi ulipokwisha. Niliona uchungu, na hasira pia, sijui nimkasirikie nani.

Jioni Bi Mwanaisha alinisindikiza hadi barabarani. Nikamwomba radhi.

"Umesema kweli, mwanangu. Ningekuwa mimi ningedanganya," akasema, akarudi ndani.

Nilifika Magongo usiku umeingia, sikio limevimba, nimechoka hata kula sitaki. Nimejifunza kwamba kusema kweli hakumpumzishi mtu. Jumapili nitavuka tena kwenda Bofu. Nyuki hawapo, naenda kupiga soga tu, nyumba ile isikae kimya.