Mama Mkwe Hapokei Simu Yangu Tangu Asomewe Ile Orodha

Admin, jina langu libaki kwako, ingawa wifi yangu anafuatilia ukurasa huu na akifika mstari wa pili atajua ni mie. Ajue tu.

Nina miaka 37, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi Chamazi. Nina ofisi ya kushona mapazia Chang'ombe. Nilianza na cherehani moja ya kuazima kwenye baraza ya watu, leo zipo sita, na mafundi nawalipa kila Jumamosi bila kukopa. Hiyo si bahati, ni kuandika. Kila mtu ninayempigia mara kwa mara ana ukurasa wake kwenye simu yangu: fundi mkuu, muuza vitambaa, mwalimu wa mwanangu, mume wangu, mama mkwe. Jambo likinijia nikiwa na mkasi mkononi naliandika chini ya jina la mhusika. Nikipiga nafuata moja moja huku nafuta. Mie simu moja inamaliza mambo saba, wenzangu wanapiga saba kumaliza moja.

Mama mkwe anaishi Kimara na wifi. Ana sukari, na ana kidonda mguuni ambacho kimemsumbua sana. Miaka ya mwanzo ya ndoa nilikuwaga nikimpigia, nikishasema shikamoo na kuuliza hali, maneno yameisha. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, kupiga soga na mtu mzima hakuna aliyenifundisha. Ikanifikia habari kwamba mimi mkwe nina maringo, simu yangu inakatika hata maji ya chai hayajapata moto. Nikajirekebisha kwa njia ninayoijua, nikamfungulia ukurasa. Tangu hapo Jumatano na Jumapili tulikuwa tunaongea mpaka sikio linachemka. Akaanza kuniita mwanangu.

Mwezi uliopita nilitaka kutuma ratiba ya kipaimara cha mwanangu kwenye grupu la familia ya mume. Nikakosea, nikanakili na kutuma ukurasa uliokuwa jirani, ule wa mama mkwe. Kufuta nilifuta, lakini wifi alishapiga picha. Ilikuwa imeandikwa hivi: Mama Kimara. Shikamoo. Mguu, kidonda kimekauka? Kliniki Alhamisi, nani anampeleka? Muulize jogoo wake, anapenda. Usimkatize. Shamba usilitaje, linamuumiza.

Mama hasomi simu. Alisomewa na wifi, na nyie mnajua mtu akiamua kusoma kitu kwa sauti anavyoweza kukisoma.

Jumapili tukaitwa kikao Kimara. Baba mdogo wa mume wangu ndiye aliyeongoza. Wifi akaanza kwa kusema yeye hana neno na mimi, anauliza tu, ni mtu gani anaandika shikamoo ili asiisahau. Watu wakacheka. Nikawauliza na mimi, nani kati yenu anajua siku za kliniki za mama bila kunipigia mimi? Baba mdogo akasema, "Mkwe, hapa hatuko dukani." Muda wote mama alikuwa anauangalia mguu wake. Halafu akasema taratibu, "Kumbe hata jogoo ulikuwa unanisomea."

Jamani, mimi na yule mama tulicheka kweli. Jogoo anamkimbiza wifi mpaka anajifungia chooni, nani asicheke? Niliandika kuuliza. Kucheka sikuandika.

Hukumu ikawa nifute kurasa zote mbele yao, kisha nirudi na doti ya khanga kumwomba mama radhi. Nikakataa. Njiani kurudi, mume wangu akaomba kuuona ukurasa wake. Nikampa, sina cha kuficha. Ada, gesi, bati la jikoni, fundi bomba. Akasoma mpaka mwisho, akanirudishia simu. "Mama angalau ulimwandikia shikamoo," akasema. Mpaka leo ananijibu "ndiyo" na "sawa", basi.

Mama akaacha kupokea simu zangu. Na mie nikasusa, nikasema haya, wacha tuuone huo upendo usioandikwa. Alhamisi ya kliniki ikafika, hakuna aliyempeleka. Wifi alidhani atakwenda naye mume wangu, mume wangu alidhani yupo wifi, baba mdogo hakujua kama kuna kliniki. Kidonda kilichokuwa kinafunga sasa kinatoa maji tena. Kwa hilo hakuna aliyeitisha kikao.

Juzi nikampigia kwa simu ya fundi wangu. Akapokea. Nikamwambia ni mimi, hakukata. Akasema, "Haya, ongea. Ila makaratasi yako weka pembeni."

Sikuwa na karatasi. Nilikuwa nimesimama katikati ya cherehani zangu, natafuta neno la kumwambia, la kumwambia tu, halipatikani. Nasikia anavyopumua, ananisubiri. Kilichonitoka ni, "Mama, Alhamisi nani anakupeleka?"

"Hilo ni la tatu kwenye orodha yako," akasema, akakata.

Alhamisi nyingine ya kliniki ni keshokutwa. Mume wangu anasema nikikanyaga Kimara bila khanga na radhi nitakuwa nimewadharau wazee wake. Radhi naweza kuitamka, mdomo hauumi. Lakini nikiitamka bila kuiamini, si ndiyo kusoma kwenyewe huko wanakonishitakia? Na wakati mie napima maneno, mguu hausubiri. Nimewaza nikodi gari alfajiri, nifike mlangoni nimwambie mama panda, matusi nitayasikilizia njiani. Asipopanda je?

Wenye wakwe, na hasa nyie mama zangu watu wazima mliomo humu: nianze na radhi au nianze na mguu? Nishaurini kabla ya Alhamisi, nifanye nini?