Adjudant Aliyeanza Tena Chini

Asubuhi ile Angélique Mumba alibandua mwenyewe alama za cheo mabegani mwake. Alikuwa amezivaa miaka minne, alama za adjudant, ngazi ambayo askari asiye afisa huifikia akiwa tayari na mvi mbili tatu. Yeye aliifikia kabla ya miaka thelathini. Akazitia ndani ya kopo la maziwa pamoja na sindano na vifungo, akabandika za caporal, karibu na chini kabisa, akajitazama katika kioo cha kabati. Gwanda lilikuwa lilelile na uso ulikuwa uleule.

"Haya, caporal," akajiambia, "usichelewe. Sasa wewe ni mtu wa kuadhibiwa."

Hakuwa ameiba, wala hakumtukana mkubwa wake. Alishuka kwa hiari, na ndiyo maana watu wengi pale mtaani Kampemba walishindwa kumwelewa.

Angélique ni mtoto wa mtu wa reli. Baba yake alishuka kutoka upande wa Kabalo akiwa kijana, akaoa Lubumbashi, akazeekea Lubumbashi. Binti yake alipoingia jeshini akiwa na miaka ishirini, jeshi la nchi kavu lilimtupa katika karakana ya malori, na huko akawa kama samaki aliyerudishwa majini. Lori lilipokata kona getini, yeye alikuwa ameshajua linaumwa wapi, kwa kusikia tu lilivyokohoa. Vyeo vikaja kimoja baada ya kingine, bila kelele.

Kisha siku moja alitumwa kupeleka lori la mafuta kwenye kambi ya jeshi la anga. Ilibidi angoje saa mbili apate sahihi. Akaingia kivulini katika banda kubwa la ndege, akakuta fundi mzee, tata Mwelwa, amefungua injini ya helikopta. Vipande vyote vilikuwa vimepangwa juu ya kitambaa cheupe kama vyombo vya padri altareni. Mzee alimwona anavyokodoa macho, akamwekea mkononi kipande cha chuma, chembamba, kisichozidi kidole.

"Hii inazunguka mara elfu na elfu kwa dakika moja," alisema. "Na haina ruhusa ya kuchoka."

Sahihi ilipatikana, na Angélique hakuondoka. Alirudi karakanani kwake saa kumi bila kula, na tangu siku hiyo malori yakaanza kumchosha, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Alikwenda kuomba uhamisho kwa major Clément, mkuu wa mafundi kule kwenye ndege. Major alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga kalamu yake.

"Fashi ya kazi iko, madame adjudant. Lakini huku masomo inaanziaka ku caporal. Adjudant wa camion haiko adjudant wa hélico. Boulon moja ukiifunga mubaya ku camion, camion itasimama ku njia. Ku hélico, itasimama wapi?"

Akampa juma moja la kufikiri.

Mama yake, mama Agnès, hakuhitaji juma zima. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani, na mchi haukusimama.

"Baba yako alianzia ku kufagia mabehewa, akafika chef de train, mukubwa wa treni. Kila muaka mbele. Weye unataka niambie bamama ya kanisa nini? Kama uliiba?"

"Utabaambia ninarudia ku masomo, mama."

"Na hii miaka yako?"

"Nitarudia nayo, hii miaka yangu."

Mama Agnès alitafuta njia yake mwenyewe. Jumapili, akina mama wa parokia walipouliza habari za adjudant, alijibu kuwa binti yake yuko stage, yaani mafunzoni kwa muda. Neno hilo lilikuwa kubwa na halikuulizwa zaidi.

Akabaki mume, Adalbert, ambaye hutayarisha karatasi za forodha mpakani Kasumbalesa na kurudi nyumbani Jumamosi. Angélique alimpigia simu. Nyuma ya sauti yake malori yalikuwa yakilia honi.

"Basi nitakuwa bwana ya caporal," alisema Adalbert. "Hapa haiko muntu anaulizaka galon, cheo ya bibi yako. Banaulizaka karatasi tu." Akasogea mbali na honi. "Unaipenda kweli?"

"Ninaipenda."

"Ingia. Lakini hasira yabo usilete ku nyumba."

Kwa hiyo akaingia, na siku ya kwanza ikamwonyesha rangi zake. Kiongozi wa kikosi chake alikuwa sergent Fils. Huyu Fils, miaka sita nyuma, alianzia katika karakana ya malori, na Angélique ndiye aliyemfundisha hata namna ya kushika spana, kabla kijana hajahamia upande wa ndege. Fils alipomwona anaingia bandani, mwili wake ulimtangulia akili. Alibana visigino, akapeleka mkono kwenye paji la uso, akatoa salamu ya mdogo kwa mkubwa.

"Mes respects, mon adjudant."

Banda zima liliangua kicheko. Angélique akasimama wima, akapiga saluti iliyo safi kuliko ile ya Fils.

"Sergent," alisema, "ni miye nakusalimia."

Saa ya chakula Fils alimfuata, anazungusha kofia mkononi.

"Yaya Angélique, dada yangu mukubwa, sasa nitakuita namna gani?"

"Mbele ya bantu, caporal. Ku chakula, yaya. Na kama nimefanya vibaya, usinihurumie juu ya zamani."

Kufagia banda, kubeba chai ya wakubwa, kusimama wa mwisho mstarini: hayo aliyazoea kwa miezi miwili, kwa kuwa chai haina cheo. Kilichomtesa ni mikono yake. Ilikuwa inajua mambo mengi, na nusu yake huku ilikuwa makosa. Kwenye lori unakaza mpaka bega likwambie basi. Kwenye helikopta unakaza kwa spana yenye kipimo, na bega halina neno la kusema. Tena kulikuwa na vitabu vinene vya Kifaransa na hesabu alizoziacha shuleni. Mtihani wa kwanza ulimwangusha kwa alama tatu. Alijifungia bafuni akalia dakika tano, akanawa uso, akaenda kumwomba tata Mwelwa amweleze upya sura ya nne. Mwaka uliofuata alipita, wa saba kati ya kumi na mmoja.

Mwaka wa tatu mvua zilivunja daraja, na helikopta yao ikatumwa kupeleka dawa Lukafu, ng'ambo yake. Walitua katika uwanja wa mpira, watoto wakazuiwa kwa shida, na wakulima wakaja na miwa ya kuwapokea. Ilibidi walale siku mbili. Jioni ya kwanza Angélique alipewa kazi ya kufunga vifuniko vya matundu yote ya helikopta. Alikuwa amebakiza kimoja tu, kile cha bomba dogo la puani, linalovuta upepo ili rubani ajue anakwenda kasi gani, aliposikia anaitwa. Gari la wauguzi lilikuwa limenasa matopeni. Akakimbia kusukuma, akarudi amelowa hadi kiunoni, akabadili nguo na kulala akidhani kazi imekwisha.

Asubuhi ya kuondoka alipozunguka helikopta kuikagua, aliona udongo mwekundu mdomoni mwa lile bomba, umefinyangwa vizuri kama chungu. Nyigu walikuwa wamejenga nyumba.

Hakuna aliyekuwa karibu. Rubani, capitaine mmoja mwenye haraka, alikuwa anakunywa chai kwa mkuu wa kijiji. Fils alikuwa upande wa pili anahesabu masanduku. Waya ulikuwa mfukoni. Angeuchokoa ule udongo kwa muda wa kusali Salamu Maria, na dunia ingeendelea. Lakini udongo ukichokolewa, mwingine husukumwa ndani, na bomba lililoziba humdanganya rubani akiwa angani. Aliuacha waya mfukoni. Kisha akazunguka upande wa pili.

"Sergent, nyigu iliingia ku bomba. Ile kifuniko sikuifunga. Ni miye."

Fils akatoa daftari la helikopta.

"Andika."

Akaandika kosa na jina lake chini. Wakafungua bomba lote, wakalipuliza, wakalipima mara mbili. Saa nne zilipita. Capitaine aliwafokea kwa Kifaransa, kisha kwa Kilingala, kisha akakosa lugha akaenda kukaa chini ya bawa la mkia. Waliporudi Lubumbashi, Angélique alipewa adhabu ya siku kumi bila kutoka kambini. Adalbert alimletea nguo safi getini, hakuuliza zaidi ya alichoambiwa.

Miezi mitano baadaye orodha ya vyeo ilibandikwa ukutani. Angélique alipita karibu nayo bila kutazama, mpaka mtu akamvuta mkono. Caporal Mumba, kuwa sergent. Akaenda moja kwa moja kwa major Clément kuuliza kama si kosa la mpiga mashine.

"Haiko kosa," alisema major. "Kule Lukafu ulilipa siku kumi, mambo ilikwisha. Lakini nilisoma daftari ya ile hélico ya miaka tano. Bote balikuwa bamalaika. Muntu wa kwanza wa kuandika jina yake ku kosa ni weye. Na fundi wa vile, miye ninalala usingizi."

Jumapili hiyo mama Agnès aliwaeleza akina mama wa parokia habari yote, kuanzia kushuka hadi kupanda, na akaieleza vizuri kuliko ilivyotokea. Mmoja akauliza ni nyigu wangapi. Akajibu mia mbili.

Baada ya hapo mambo hayakukimbia. Kulikuwa na mwaka ambao orodha haikutoka kabisa, na mwaka mwingine jina lake lilirukwa kwa kuwa nafasi zilikuwa chache, naye alikasirika wiki nzima na kuosha kila chombo cha nyumbani. Fils alikwenda Kinshasa kusomea uafisa. Tata Mwelwa alistaafu, akamwachia kitambaa chake cheupe, kimefuliwa na kukunjwa.

Januari iliyopita, katika mwaka wa tisa tangu ahame, Angélique Mumba alivishwa tena cheo cha adjudant. Mvua ilinyesha mpaka sherehe ikahamishiwa ndani ya banda, na hotuba haikusikika kwa sababu ya mabati. Alijaribu kulinganisha na mara ya kwanza. Ile ya kwanza ilimjia kama mvua, alikuwa amesimama tu. Hii aliijua kila hatua, na magoti yalikuwa yanamuuma kidogo.

Mchana alivua gwanda la sherehe, akavaa la kazi, kwa kuwa kulikuwa na injini ya kumaliza kabla ya Ijumaa. Alipotoka, Adalbert alikuwa anamngoja getini chini ya mwavuli, wakaenda Kampemba kula bukari, ugali wa huko, na samaki.

"Sasa unafikiria masomo ya bafisa?" Adalbert aliuliza, anachambua mwiba wa samaki.

"Miye ninafikiria kulala," alisema Angélique, akavuta sahani ya sombe upande wake.