Mvuke wa Vifungo

Mtaani walimwita Siafu, kwa kuwa fundi cherehani huyu hakujua kukaa akatulia. Akimaliza kushona hufagia, akimaliza kufagia huhamisha makochi. Mdogo wake wa kiume alipopata kazi mbali, alimwachia tangi lake la kioo la maji ya chumvi, lenye samaki watano na matumbawe hai.

"Dada, hayo matumbawe usiyashike kwa mikono mitupu," alimwonya. "Yana sumu."

Siafu aliitikia huku akihesabu pini.

Yalikuwa madogo, ya mviringo, yamebanana juu ya mawe, naye akayaita vifungo. Mwaka haukuisha, vya kahawia vikalivaa jiwe lao zima na kuvisonga vya kijani vya jiwe jirani. Vilimkera kama uzi uliochomoza kwenye pindo. Jumamosi moja asubuhi, mumewe akiwa karakanani na mama mkwe akichambua mboga jikoni, alilitoa jiwe la vya kahawia, akaliweka kwenye sinki na kulisugua kwa brashi. Vifungo vikagoma. Akachemsha birika, akavimwagia maji ya moto. Mvuke ukapanda na harufu ya konokono waliooza. Mama mkwe akapiga chafya, akaendelea na mboga zake.

Haikupita saa, Siafu akahisi ladha ya chuma mdomoni. Kwa mazoea ya kubana pini kwa midomo, alijipapasa mdomoni. Hakukuwa na pini. Baridi ikamwingia, meno yakagongana. Akainuka, akakaa, akainuka tena. Jikoni mama mkwe alikuwa akikohoa kikohozi kikavu kisichokata.

Mumewe, seremala, alipopigiwa simu alikuja mbio na teksi, vumbi la mbao bado kichwani. Hospitalini daktari aliuliza walikuwa wamekula nini.

"Samaki, jana," akasema mumewe. "Labda walikuwa wamechina."

Onyo la mdogo wake lilikuwa limemrudia Siafu tangu kwenye teksi, lakini angemwambiaje mumewe kwamba amemlisha mamake sumu kwa mvuke wa birika? Vidole vilisokota pindo la gauni. Mama mkwe alikuwa akivuta pumzi kwa mabega. Muuguzi akaandika: chakula.

"Si chakula," Siafu akasema, tayari amesimama. "Nimemwagia matumbawe maji ya moto. Yana sumu, na mvuke wake tumeuvuta wote wawili. Nilionywa."

Mumewe alimtazama. Daktari hakuwahi kukutana na jambo hilo; alimpigia mdogo wake Siafu, kisha akampigia daktari mwenzake. Mama mkwe akawekewa oksijeni, wote wawili wakafungwa mashine ya kupima mapigo ya moyo. Nyumbani wakakatazwa kuingia.

Siafu aliruhusiwa kesho yake, mama mkwe akabaki siku nne. Siafu hakutoka kando ya kitanda ila kwenda dirishani na kurudi.

"Mama, nisamehe."

"Nilikusikia ukimwambia daktari. Nilikuwa nakohoa, sikuwa kiziwi." Mama mkwe akapumzika kidogo. "Ungenyamaza, ningekufa nikisingiziwa samaki niliowakaanga mwenyewe."

Mdogo wake Siafu alifika nyumbani na barakoa, miwani ya kukinga macho na glavu ndefu. Alifungua madirisha, akalizamisha jiwe na brashi kwenye ndoo ya maji yenye klorini, nje, kifuniko juu, kisha akafuta sinki kwa vitambaa vibichi. Vya kijani vilivyobaki tangini navyo aliviondoa.

"Ni ukoo mmoja na vile," alisema. "Havichemshwi, havisuguliwi nje ya maji, na mwenye kidonda mkononi asivikaribie kabisa."

Samaki wakabaki na mawe matupu.

Siku ya kumrudisha mamake, seremala alimwuliza mkewe pale mlangoni, "Kwenye teksi ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Wiki mbili nzima mumewe alipiga simu kutoka karakanani kila adhuhuri, akiuliza kama mama amekula, kama mama amelala, na kukata. Siafu alikuwa akizunguka meza huku anamjibu. Siku moja, baada ya kuuliza habari za mama, hakukata. Msumeno ulisikika nyuma yake.

"Na wewe," akasema, "kifua kinaendeleaje?"