"Nimefika" ya Mwatate

Shule niliiacha darasa la tatu, na pikapu ninayo. Walionipita darasani huniomba lifti.

Shida ilianza nilipotafuta kazi ya kupeleka kabichi hoteli moja karibu na Voi. Meneja ni mzungu, Kiswahili hajui hata cha kuomba chumvi. Alisema nimpelekee kwanza kwa majaribio. Nikimchelewesha, atatafuta mtu mwingine. Na mimi kabichi zilikuwa zinaniozea shambani.

Binti yangu ni mwalimu. Akanikalisha. "Baba, ukiwa barabarani sema 'I am coming'. Ukisimama getini, 'I have arrived'. Usichanganye."

"Nichanganye nini? Nimeuza ng'ombe kabla hujazaliwa."

Siku yenyewe simu ya meneja ilinikuta bado nyumbani Mwatate, nafunga turubai. Sasa, kwetu mtu akikuuliza uko wapi, humwambii uko wapi. Unamtuliza moyo. Unasema umefika, halafu unaanza kutafuta viatu. Nikamtuliza: "I have arrived!"

Maskini akatoka getini na mpishi wake, wakasimama juani. Mpishi ndiye aliyenisimulia: mzungu alinitafuta hadi nyuma ya tangi la maji. Nilipofika kweli, alipokea kabichi, akaninyooshea kidole kimoja. Nafasi moja imebaki. Hicho hakikuhitaji mwalimu.

Mara ya pili niliwahi. Nikasimama getini, nikapiga simu kifua mbele: "I have arrived!"

"Yes, yes," akasema, akakata.

Hakutoka mtu. Askari wa geti akakataa kufungua bila meneja. Jua la Voi likaanza kupika kabichi kabla ya mpishi. Nikampigia binti, akacheka mpaka nikasikia darasa zima linacheka naye.

"Baba, mwenzio ameshakujua. Ukisema umefika, anajua bado uko Mwatate."

"Sasa nimwambie nini?"

"Mwambie 'I am coming'. Atatoka mbio."

"Nidanganye, na leo nimefika kweli? Sithubutu!"

Nikalalia honi. Wageni wakachungulia madirishani, mbwa wakaitikia, na meneja akatoka na kijiko mkononi. Akatazama pikapu, akatazama saa, akacheka mwenyewe.

Kazi nikapewa. Mpaka leo hatupigiani simu. Nikifika, napiga honi, na honi haipigwi ukiwa Mwatate.