Ua Usiovuka Kifua

Siku nilipomwona Mukankusi kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeshika panga, na yeye alikuwa upande wa pili wa ua niliotumwa kuukata. Ilikuwa mwanzo wa mwaka 1991, Kanombe, katika mtaa mmoja ulio kati ya kambi ya askari na uwanja wa ndege. Tangu vita vilipoanza mpakani, mtaa ule ulikuwa na sheria zake: ua usivuke kifua cha mtu mzima, usiwe wa mabati wala matofali wala seng'enge, ili askari wa doria wakipita waone kila kiwanja hadi mlangoni. Munyaneza, nyumbakumi wao, yaani msimamizi wa nyumba kumi, alikuja kunichukua kwangu Biryogo kwa sababu kazi yangu ni kupanda na kukata nyua za minyaa.

Ua wa Mukankusi ulikuwa mrefu kuliko nyua zote za mtaa, ulipita hata paa la jiko. Mnyaa una utomvu mweupe kama maziwa. Ukiruka jichoni, mtu anaweza kukaa siku kadhaa bila kuona. Kwa hiyo nilikata polepole, uso nimeugeuza pembeni. Yeye alisimama akinitazama, amevaa ovaroli ya bluu ya wafagiaji wa uwanja wa ndege, na miguuni pake alikuwapo mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limelala.

"Fundi," akasema, "unaukata kama mtu anayeuomba radhi."

Niliendelea kukata. Mimi si mtu wa maneno.

"Kata tu. Aliyeupanda hayupo, hatakasirika."

Aliyeupanda alikuwa mume wake, Karangwa, dereva wa lori la mizigo pale uwanjani. Alichukuliwa na askari Oktoba iliyotangulia, siku zile walipochukuliwa watu wengi, na hakurudi. Hayo niliambiwa na Générose, jirani wa ua wa pili, kabla hata jua halijafika utosini. Katika mtaa ule habari hazikuhitaji mlango.

Jioni, nilipokuwa nakusanya matawi, nilimwona mbwa akisimama ghafla, sikio lake zima juu. Akarudi nyuma hatua chache, akakimbia, akaruka ua niliotoka kuusawazisha, akapotea upande wa njia panda.

Mukankusi hakupiga kelele. Alijifuta mikono na kusema, "Amekwenda kumpokea. Lori la wafanyakazi lilikuwa linamshusha mume wangu pale njia panda saa hii hii. Zamani nilikuwa namfungulia geti. Tangu Oktoba nimelifunga, na ua ulikuwa mrefu, akawa anakaa tu anasikiliza. Sasa umemfungulia barabara."

Alisema bila kunilaumu, na akatoka kumfuata. Nilisubiri mpaka waliporudi, mbwa mbele, yeye nyuma. Ndipo akaniambia jina la mbwa. Aliitwa Bazavuga, maana yake "watasema". Kwetu watu wengi humpa mbwa jina la kumfikia jirani, kusudi kila anapomwita jirani asikie. Karangwa alimpa jina hilo siku alipopanda cheo kazini na watu wakaanza kunong'ona.

Sheria ya mbwa ilikuwa fupi kuliko ya ua: mbwa atakayekutwa nje atapigwa risasi. Mbwa wa Générose aliuawa mwezi uleule karibu na bomba la maji. Bazavuga alikutwa na askari mmoja aliyemfahamu Karangwa, akamrudisha kwa kumshika shingo. Akamwambia Mukankusi, "Mama, leo ni mimi. Kesho ni mwingine."

Basi Mukankusi akanitafuta tena. Nilimpandia safu ya pili ya minyaa kwa ndani, nikiyaacha matawi kwanza yakauke utomvu kama kazi inavyotaka. Mbwa alijifunza kuruka safu mbili. Akamfunga kwa kamba. Mbwa akalia usiku kucha, na asubuhi Munyaneza akaja kusema kwamba mbwa anayelia karibu na kambi ni sawa na mbwa aliye nje. Akamfungia ndani ya nyumba. Mbwa akakwangua mlango mpaka ukatoboka, na kucha zake zikatoka damu. Ikawa kila jioni Mukankusi anaomba ruhusa kazini, anakimbia nyumbani kabla ya saa ya lori, anakaa kitako uani amemkumbatia mbwa shingoni mpaka saa ile ipite. Kwa ruhusa hizo alihamishwa kutoka ukumbi wa wasafiri, akapewa kazi ya vyoo. Alicheka aliponiambia. "Huko nako watu wanasafiri, Fundi. Ila wanarudi haraka."

Nilikuwa naenda kila msimu wa mvua kupunguza ua ule ubaki kifuani. Alinipa ndizi na maharage nile kizingitini. Mimi ni Mwislamu, nami nilikuwa navuta miguu yangu pua ya mbwa isiniguse. Aliona.

"Usiogope," akasema. "Huyu amebatizwa."

Jibu zuri nililipata nikiwa nimeshafika Kicukiro, narudi kwangu.

Mwaka ule wa 1991 baadhi ya waliochukuliwa waliachiwa. Mukankusi alimwendea kila mmoja aliyemsikia, hadi Kabuga, hadi Niboye, akiuliza kama walimwona mtu mrefu mwenye kovu kidevuni. Mmoja alisema alimwona akipanda gari. Mwingine alisema si yeye. Dada zake walimshauri akae matanga, amlilie mumewe, ayamalize. Alikataa. Siku moja aliniambia sababu, nami ndiyo nimeishika kuliko maneno ya watu wengi waliosoma.

"Mbwa anajua mtu wake akifa," alisema. "Analia kilio chake, hata awe mbali. Huyu hajalia hicho kilio. Anakwenda kumpokea. Sasa mimi nimzike mtu ambaye mbwa wake bado anampokea? Na akirudi akute mbwa ameuawa kwa sababu nimeshindwa kumzuia uani, nitamwambia nini?"

Nilikula maharage.

Mwishoni mwa mwaka 1993 askari waliongezeka, na wale waliomjua Karangwa walihamishwa. Mukankusi akanitumia ujumbe niende na jembe, siyo panga.

Nilimkuta amesimama katikati ya kiwanja chake, macho yake yanang'aa kama ya msichana. "Nimefikiri, Fundi. Sheria inasema ua usipande. Haijasema ardhi isishuke."

Alitaka mtaro mpana wa kina cha kiuno, uzunguke kiwanja kizima kwa ndani, sambamba na ua. Mbwa akikimbia aruke, akute shimo, akose pa kukanyaga. Na kwa mpita njia, ua ungebaki palepale kifuani, kama sheria ilivyotaka. Nilitazama, nikaona ni kweli. Katika miaka yote ya kazi hiyo sikuwahi kuufikiria ua unaokwenda chini.

Nikachimba. Udongo mwekundu ulirundikana ukashinda ua, na kwa kuwa ua ulikuwa mfupi, kila aliyepita aliona. Jioni ya kwanza mbwa alikimbia, akafika ukingoni, akasimama. Akazunguka, akanusa, akalala na kidevu juu ya miguu yake, akitazama upande wa njia panda. Mukankusi aliziba mdomo kwa mikono miwili, analia na kucheka pamoja.

Générose akachungulia juu ya ua. "Mukankusi we! Shimo la nani hilo?"

"La mbwa!"

"La mbwa?" Akacheka, lakini hakungoja jibu la pili.

Sisi wawili tulikuwa tumemtazama mbwa tu kwa siku nyingi. Hatukukumbuka kwamba mwaka ule neno shimo halikuwa neno la kuchezea. Kila mtaa ulikuwa unanong'ona kwamba watu wa kabila la wale waliochukuliwa Oktoba ile wanachimba mashimo ya kuwatia wenzao. Kesho yake, kabla sijamaliza upande wa jiko, Munyaneza alikuja na vijana, marungu mkononi.

"Mama, shimo la nini hili?"

"La kumzuia mbwa asitoke."

"Kubwa hivi?" kijana mmoja akasema. "Huyo mbwa ana ukoo mkubwa!" Wakacheka, kisha mwingine akasema bila kucheka, "Tunajua nani anachimba na nani atatiwa humo. Umepima na vimo vyetu?"

Munyaneza akanigeukia, akaniita kama wanavyotuita sisi Waislamu wa Biryogo. "Na wewe Mswahili, unawachimbia nini watu wa hapa?"

Niliweka jembe chini. Mukankusi akasimama mbele yangu.

"Muache huyo. Hata na mke wake haongei. Niulize mimi. Munyaneza, wewe ulikula harusini kwangu. Mbwa huyu ulimjua akiwa mdogo kama kiatu. Sheria yako nimeifuata: ua uko kifuani. Nimeuvusha wapi?"

Munyaneza alitazama chini. Alikuwa mtu wa kanisa, na nadhani alimwamini. Lakini vijana walikuwa nyuma yake, naye aliwaogopa kama sisi tulivyowaogopa.

"Lifukie," akasema. "Sasa hivi, sisi tukiona. Na huyo mbwa, Jumapili asionekane katika mtaa huu, awe ndani au nje. Nikimwona, hawa nitawapa ruhusa." Kisha akasogea karibu, kwa sauti ndogo: "Mama, siku hizi watu wanahesabu nani ana shimo. Usinifanye nikuhesabu."

Tulifukia, mimi kwa jembe, yeye kwa mikono, vijana wameuegemea ua mpaka matawi yakavunjika, utomvu unadondoka. Mbwa alizunguka kati yetu akidhani ni mchezo.

Nilimuuliza maalimu wetu wa msikitini kuhusu mbwa. Akasema mbwa wa kulinda, akikaa nje ya nyumba, hakuna neno. Nikamjengea kibanda nyuma ya jiko langu Biryogo, ambako ua wangu ni mrefu na hakuna anayeupima. Jumamosi nikaenda kumchukua.

Mukankusi alitusindikiza hadi njia panda. Hapo mbwa akaketi, kama alivyokuwa akiketi kila jioni, akakataa kuondoka. Nilivuta kamba, akakaza miguu. Mukankusi akapiga magoti vumbini na ovaroli yake, akamsemesha sikioni, lile sikio lililolala. Alisema kwa muda mrefu. Sikusikia kitu, nami sikutaka kusikia. Kisha mbwa akainuka mwenyewe, akaja upande wangu, na safari hii sikuvuta mguu.

Nilidhani nitarudi mvua za Aprili, kupunguza ua kama kawaida, lakini Aprili ile mauaji yalianza nchi nzima. Nilipofika tena Kanombe, miaka ilikuwa imepita. Nyumba ilikuwa haina paa wala mtu, na minyaa ya Karangwa ilikuwa imepanda juu ya kuta zote, hakuna wa kuikata wala wa kuikataza. Nilisimama pale njia panda kidogo, mahali Mukankusi aliponikabidhi kamba. Mkono wake ulikuwa umechubuka kwa kufukia, na hakuiachia kamba mpaka alipomaliza kuniambia hivi:

"Usimpe jina lingine, Fundi. Karangwa akija kwako kumchukua, hatabisha hodi, ataita kutoka barabarani. Mbwa ajue ni yeye anayeitwa."