Kichaka cha Nyuma ya Nyumba Yetu

Mie hasira zangu ziko karibu, na siku ile nilisahau hata kuamkia watu. Nilishuka Kibiti na begi langu, likizo ya Desemba, nikazunguka moja kwa moja nyuma ya nyumba kumsikiliza ndege wangu. Loo! Kichaka hakipo. Miti, miiba, mimea ya kutambaa, vyote vimefyekwa na kuchomwa, uwanja mweupe pee. Nikasimama mdomo wazi.

Miaka hiyo ya ruksa, biashara zilipoachiwa huru, mji ulikuwa unakua kwa fujo, kila pori dogo linageuka duka au mashine ya kukoboa. Chetu ndicho kilikuwa kichaka cha mwisho mtaani. Humo, kila vuli, alikuja ndege mdogo wa kahawia anayekimbia baridi ya Ulaya. Mwalimu wangu chuoni alisema ndege hao wanapungua, maana hawakai peupe: wanataka giza la majani, unyevu, na wadudu wa kuparuaparua chini ya majani yaliyooza. Akiimba, utadhani mna ndege kumi. Kumwona, sikuwahi. Likizo nzima nakaa dirishani nachungulia, namlalamikia mama kwamba ndege anajificha mno.

Sikuwa na shaka kwamba mfanyabiashara fulani katuingilia. Nikaingia ndani nafoka, nataka kujua nani kathubutu.

Mama alikuwa anapepeta mchele. Akauweka ungo chini, akatabasamu. Mikono yake ilikuwa imechanwachanwa na miiba.

"Nimekifyeka mwenyewe, mwanangu. Sasa utamwona vizuri."

Mama yangu alikulia bonde la Rufiji, juu ya dungu, kile kibanda cha mitini katikati ya mpunga, akiamia ndege, akiwafukuza kwa mawe wasile mpunga, tangu alfajiri mpaka magharibi. Huko, ukitaka kumwona ndege, unafyeka vichaka vya pembeni. Basi kanifanyia vivyo hivyo. Ningemfokea vipi?

Nilimshika mikono ile, nikamweleza taratibu kwamba kwa ndege huyu maficho ndiyo makazi, na bila maficho hakai. Jioni tulikaa wote dirishani, na hakuna kilichoimba.

Asubuhi nikamkuta nje. Yeye, aliyewarushia ndege mawe ujana wake wote, anamwaga mchele juu ya majivu. Shomoro wakashuka, wakaanza kudonoa. Akaniita kwa sauti ndogo, asije akawashtua.

"Ndiye huyu?"

"Siye, mama."

Akaingia ndani kuchota mchele mwingine.